Nitapataje orodha ya vifurushi vya programu za Linux vilivyoombwa na mtu, bila vile vilivyokuja na mfumo wenyewe?

Mwalimu_Ahero · Jumatatu, saa 2:15 usiku

Hamjambo ndugu wanajukwaa. Ninasimamia chumba cha kompyuta katika shule moja ya upili huku Ahero, na ninaomba msaada katika jambo ambalo nilidhani lingenichukua dakika tano, kumbe limekula Jumamosi na Jumapili yangu yote.

Tuna kompyuta 14. Kumi na mbili zinatumia Ubuntu 20.04 (mfumo wa Linux), ambayo iliwekwa mwaka 2021 na mwalimu aliyenitangulia, na mbili ni za Debian 12 (Linux nyingine), ambazo niliziweka mwenyewe baada ya diski zake za awali kufa. Msaada wa kawaida wa Ubuntu 20.04 ulikwisha mwezi wa Mei 2025, kwa hiyo nimeamua kufuta diski za zile kumi na mbili na kuanza upya na 24.04, badala ya kupandisha toleo kwa kupitia 22.04 kwanza, jambo ambalo lingenigharimu bando mara mbili. Tatizo ni kwamba kwa miaka minne walimu wa jiografia, hisabati na fizikia wamekuwa wakija na kusema “niwekee hiki”, kikawekwa, na hakuna aliyeandika popote.

Kabla ya kufuta nataka orodha ya vifurushi ambavyo binadamu aliketi mbele ya kompyuta akaviomba kwa jina, si maktaba (vipande vya programu ambavyo nyingine huvitegemea) zilizofuata nyuma yake, wala si vitu vilivyokuwamo tangu siku ya kwanza. Nilijaribu `apt-mark showmanual`, amri ya apt (kisakinishi cha vifurushi cha Ubuntu na Debian), kwa sababu jina lake linaahidi jambo hilihili. Kompyuta ya kwanza ilinipa mistari 437, na ndani yake mna `bash`, `gzip` na `hostname`. Nina hakika hakuna mwalimu wa jiografia aliyeomba `gzip`. Vile ninavyovijua mimi, kama `qgis`, `stellarium` na `gcompris-qt`, vimo pia, lakini vimezama katikati ya hayo mengine yote.

Je, kuna amri inayotenganisha hayo mawili, au nakaa chini nichambue mistari 437 kwa mkono kama mtu anayechagua mchele?

FundiKondele · Jumatatu, saa 3:02 usiku

Mwalimu, usijisumbue. Endesha `dpkg --get-selections > orodha.txt`, weka faili hiyo kwenye flashi, sakinisha mfumo mpya, kisha urudishe kwa `dpkg --set-selections` na `apt-get dselect-upgrade`. Nina saiba hapa Kondele na nimefanya hivyo miaka mingi, kompyuta inarudi kama ilivyokuwa.

Pengwini_wa_Milimani · Jumatatu, saa 4:20 usiku

Kwa heshima zote kwa Fundi, njia hiyo inajibu swali jingine. Inafaa unapohama kutoka kompyuta moja hadi nyingine yenye toleo lilelile, kwa sababu `dpkg` (programu iliyo chini ya apt, inayosakinisha kila kifurushi) inajua ni nini kimesakinishwa, lakini haijui kwa nini kimesakinishwa. Kwake `qgis` na maktaba hamsini zilizoandamana nayo ni kitu kimoja. Mwalimu akiichukua orodha hiyo kutoka 20.04 na kuimwaga ndani ya 24.04, atakuwa anaomba kwa majina maktaba nyingi ambazo katika toleo jipya zimebadilishwa majina au zimeondolewa kabisa, na hapo ndipo apt itaanza kulalamika.

Anayejua sababu ni apt, na hata yeye anajua nusu tu. Hapa ndipo penye kiini cha swali lako, Mwalimu, kwa hiyo uniruhusu nirefushe kidogo. (Ninaposema kifurushi ninamaanisha programu iliyofungwa tayari kwa apt kuisakinisha, wanaofikiria bando la data wanisamehe.)

Apt huweka kumbukumbu yake katika faili `/var/lib/apt/extended_states`. Ukiifungua utaona majina ya vifurushi, na chini ya kila jina mstari unaosema `Auto-Installed: 1`. Maana yake ni kwamba kifurushi hicho kililetwa na kingine kinachokitegemea. Sasa angalia lisiloandikwa: hakuna mahali panaposema “hiki kiliombwa na Mwalimu”. Apt ni kama karani wa arusi ambaye haandiki majina ya walioalikwa, bali huandika tu majina ya walioandamana na walioalikwa. Yeyote asiyekuwamo katika daftari lake huhesabiwa kuwa mwalikwa, hata akiwa ni mwenye boma aliyezaliwa papo hapo. `showmanual` haifanyi zaidi ya kusoma daftari hilo kinyumenyume: kila kilichosakinishwa na kisichokuwa na alama ya otomatiki, inakitaja.

Ndiyo sababu `gzip` na `bash` vimetokea. Kisakinishi cha Ubuntu ya mezani hakikai chini kusakinisha kifurushi kimoja kimoja. Hunakili mfumo uliokwisha kutengenezwa, na vingi vya vifurushi vilivyomo havina alama ya otomatiki. Kwa karani wetu, hao wote ni waalikwa.

Kuna vyanzo vingine viwili vya kelele ambavyo watu wengi hawavitambui. Cha kwanza: kama kifurushi kililetwa kama kitegemezi, kisha siku moja mtu akaandika `apt install` na jina lake, apt haisakinishi chochote, lakini inabadilisha alama yake na kusema kwamba sasa kinahesabiwa kuwa kimesakinishwa na mtu. Ujumbe huo hupita upesi na hakuna anayeusoma. Cha pili: vipo vifurushi ambavyo havina programu ndani yake, kazi yake ni kukusanya vingine tu, na katika `apt show` vinaonyesha sehemu yake kuwa `metapackages`. Kwa mpangilio ulio katika `/etc/apt/apt.conf.d/01autoremove`, vinavyoletwa na vikusanyaji vya aina hiyo havipewi alama ya otomatiki. Mtu ameomba kimoja, orodha inaonyesha thelathini.

Tufike kwenye dawa. Visakinishi vya Ubuntu vya wakati ule viliacha picha ya siku ya kwanza katika faili `/var/log/installer/initial-status.gz`, ambamo kila kifurushi kilichokuwapo mwanzoni kimeandikwa. Toa orodha hiyo katika ile ya `showmanual`, na kinachobaki ndicho kilichoongezwa baadaye:

`comm -23 <(apt-mark showmanual | sort -u) <(gzip -dc /var/log/installer/initial-status.gz | sed -n 's/^Package: //p' | sort -u)`

Iandike katika bash, kwa sababu mabano yale yenye mshale hayaeleweki katika `sh` ya kawaida. Ukipata chini ya mistari mia moja, tutaendelea kutoka hapo.

Mwalimu_Ahero · Jumanne, saa 1:40 jioni

Asante sana, Pengwini. Mfano wa karani wa arusi nimeusimulia katika chumba cha walimu na hata mwalimu wa Kiswahili, ambaye hapendi habari za kompyuta, aliuelewa.

Amri yako ilishuka kutoka mistari 437 hadi 61 kwenye kompyuta ya kwanza, na kwenye zile nyingine za Ubuntu ni kati ya 40 na 70. Hilo ni jambo ninaloweza kulikabili. Hata hivyo nina matatizo mawili. Zile mbili za Debian hazina faili hiyo ya `initial-status.gz` kabisa. La pili ni aibu, lakini nitalisema. Kabla sijaona jibu lako jioni, rafiki mmoja aliniambia kwamba njia ya mkato ni kuvipa vifurushi vyote alama ya otomatiki kwa mkupuo mmoja, kisha kurudishia alama vile ninavyovitaka tu. Nikafanya hivyo kwenye kompyuta namba 9. Nilipoendesha `sudo apt autoremove`, amri inayoondoa vyenye alama ya otomatiki visivyohitajiwa na kingine, kuona imekuwaje, ilitangaza kwamba itaondoa mamia ya vifurushi, na katikati yake nikaona mazingira yote ya mezani. Nilibonyeza `n` upesi na sijaigusa kompyuta hiyo tangu hapo. Je, nimeiharibu?

Pengwini_wa_Milimani · Jumanne, saa 2:25 usiku

Hujaiharibu, Mwalimu, kwa sababu ulisema `n`. Ulichobadilisha ni alama tu, hakuna programu iliyoguswa. Lakini usiiache hivyo hata usiku mmoja, kwa sababu yeyote atakayepita na kuandika `autoremove` akabonyeza `y` atabaki na skrini nyeusi yenye maandishi meupe.

Apt huhifadhi nakala za lile daftari katika `/var/backups`. Andika `ls -l /var/backups/apt.extended_states*` na utaona `apt.extended_states.0`, halafu `.1.gz`, `.2.gz` na kuendelea, kila inayofuata ikiwa ya zamani zaidi. Nakala mpya huchukuliwa na kazi ya kila siku pale tu daftari lilipobadilika. Tazama tarehe na saa: kama `.0` ni ya kabla hujafanya mkupuo wako, inakili juu ya faili halisi:

`sudo cp /var/backups/apt.extended_states.0 /var/lib/apt/extended_states`

Kama `.0` imechukuliwa baada ya mkupuo, tumia `.1.gz` kwa kuifungua kwanza na `gzip -dc`. Baada ya hapo endesha `apt-get -s autoremove`. Herufi ile `-s` inaiambia apt ijifanye tu bila kutenda, na kwa maoni yangu kila amri ya kuondoa inapaswa kujaribiwa nayo kwanza. Orodha ikirudi kuwa fupi, umepona.

Kwa Debian, faili ya `initial-status.gz` haimo kwa sababu ni desturi ya visakinishi vya Ubuntu, na hata huko si vyote vinavyoiacha. Hapo inabidi kusoma kumbukumbu za apt zenyewe:

`zgrep -h '^Commandline:' /var/log/apt/history.log*`

`zgrep` inasoma faili za kawaida na zilizobanwa kwa pamoja. Utaona kila amri iliyoandikwa, kama ilivyoandikwa. Usiishie kwenye mstari wa `Commandline:` peke yake, kwa sababu aliyetumia dirisha la duka la programu hataonyesha jina la kifurushi hapo, bali jina la huduma iliyomfanyia kazi. Shuka hadi mstari wa `Install:`. Humo kila kifurushi kina toleo lake ndani ya mabano, na vile vilivyoandamana tu vimeongezewa neno `automatic`. Visivyo na neno hilo ndivyo vilivyoombwa. Kuna pia mstari wa `Requested-By:` unaotaja akaunti iliyotumia `sudo` (ruhusa ya msimamizi), jambo linaloweza kukuchekesha au kukukasirisha katika kompyuta za shule.

Ubaya wake ni muda. Kwa kawaida kumbukumbu hizi huzungushwa kila mwezi na kubakizwa kumi na mbili, kwa hiyo unaona mwaka mmoja tu nyuma. Kwa Debian zako ambazo uliziweka mwenyewe hivi karibuni huenda zikatosha. Kwa Ubuntu za 2021, mwanzo wake umekwisha kufutika. Wapo wanaotazama tarehe za faili zilizo katika `/var/lib/dpkg/info`, lakini tarehe hizo hubadilika kila kifurushi kinaposasishwa, kwa hiyo hazikuambii kiliingia lini.

FundiKondele · Jumanne, saa 2:50 usiku

Nimesoma na nimekubali. Nina jambo moja la kutetea: orodha ya `dpkg` bado ichukuliwe na kuwekwa kando, si kwa kurudishia, bali kama picha ya jinsi kompyuta ilivyokuwa. Nimewahi kufuta diski ya mteja, kisha baada ya wiki mbili akauliza programu fulani iliitwaje, na faili ile ndiyo iliyoniokoa. Mwalimu, ukiwa hapo chukua pia nakala ya `/etc/apt/sources.list` pamoja na folda ya `/etc/apt/sources.list.d`, kwa sababu `showmanual` haikwambii kifurushi kilipakuliwa kutoka ghala gani la mtandaoni.

Bi_Rehema_Nakuru · Jumatano, saa 12:30 asubuhi

Naomba kuongeza kwa faida ya wanaosoma wakiwa na mifumo mingine, kwa kuwa swali ni lilelile. Hapa Nakuru ofisi yetu ya uhasibu inatumia Fedora, na huko amri ni `dnf repoquery --userinstalled`. Maelekezo mengi ya zamani yanataja `dnf history userinstalled`, lakini tangu Fedora 41, ambayo ilihamia DNF5 (toleo jipya la kisakinishi cha Fedora), amri hiyo haipo tena. Kubadilisha alama pia kumebadilika: zamani tuliandika `dnf mark install` na `dnf mark remove`, sasa ni `dnf mark user` na `dnf mark dependency`, na kusema kweli maneno haya mapya yanaeleweka zaidi, kwa sababu yale ya kale yalimfanya mtu aogope kwamba anaondoa programu yenyewe.

Kwenye openSUSE, `zypper search -i` huweka `i+` mbele ya kilichoombwa na mtu, na `i` tupu mbele ya kilichoandamana. Kwenye Arch, ambayo ninatumia katika kipakatalishi changu, `pacman -Qe` hutaja vilivyoombwa, na `pacman -Qet` hupunguza zaidi kwa kuacha vile ambavyo vinategemewa na kingine. Orodha ya Arch huwa safi tangu mwanzo si kwa sababu pacman ana akili kuliko apt, bali kwa sababu anayesakinisha Arch huanza na vifurushi vichache sana anavyovitaja mwenyewe kwa majina. Kelele aliyoikuta Mwalimu ni ya kisakinishi cha mezani, si ya apt.

Muundo ninaoupenda kuliko yote ni wa Alpine. Huko kuna faili fupi ya maandishi, `/etc/apk/world`, yenye majina ya vilivyoombwa tu. Ukiandika `apk add`, jina linaingia humo. Ukiandika `apk del`, linatoka. Na mfumo mzima hupangwa kufuata faili hiyo. Yaani karani wao huandika waalikwa, na walioandamana huhesabiwa kutokana nao. Nikiwa mhasibu naona hivyo ndivyo daftari linavyopaswa kuwekwa.

Pengwini_wa_Milimani · Jumatano, saa 1:15 asubuhi

Bi Rehema, nakubaliana nawe kuhusu Alpine, ila siwezi kumpelekea Mwalimu Alpine kwenye chumba cha wanafunzi wa kidato cha pili.

Mto_Nzoia · Jumatano, saa 7:10 mchana

Salamu kutoka Bungoma. Naona mmezungumzia apt kana kwamba ndiyo mlango pekee wa kuingilia. Kwenye Ubuntu ya leo milango ni mingi, na orodha ya Mwalimu itakuwa na mapengo asipoikagua yote.

Mfano mzuri ni kivinjari. Kwenye 20.04, ukiandika `apt install chromium-browser` unapata kifurushi kitupu ambacho kazi yake ni kuleta snap ya Chromium (snap ni namna nyingine ya kufungasha programu, nje ya apt). Tangu 22.04 Firefox nayo ni vivyo hivyo. Kwa hiyo endesha `snap list` pia, ukiruka mistari ambayo safu yake ya mwisho inasema `base`, kwa sababu hiyo ni misingi tu ya kubebea nyingine. Kama kuna aliyeweka Flatpak, mfumo mwingine wa aina hiyo, `flatpak list --app` itataja programu bila misingi yake. Kwa walimu wanaofundisha Python, `pip list --not-required` huonyesha vile ambavyo havitegemewi na kingine. Hapo jiandae, kwa sababu Ubuntu 24.04 hukataa `pip install` ya moja kwa moja katika mfumo na kudai utengeneze mazingira ya pembeni kwanza, jambo ambalo 20.04 haikulidai.

Kisha kuna faili za `.deb` (vifurushi vya Debian na Ubuntu) ambazo watu hupakua na kusakinisha kwa `dpkg -i`. Hizi `showmanual` itazitaja, kwa kuwa hazina alama ya otomatiki, lakini katika mfumo mpya apt itasema haizipati kwa sababu hazimo katika ghala lolote. Ili uzijue mapema, endesha `sudo apt update` halafu `apt list '?obsolete'`. Itataja vilivyosakinishwa ambavyo hakuna ghala linalovijua tena. Katika shule, mara nyingi humo ndimo utakamokuta programu ya printa, ambayo ndiyo ya kwanza kuulizwa na mwalimu mkuu Jumatatu asubuhi.

Mwalimu_Ahero · Alhamisi, saa 3:30 usiku

Wakubwa, nimerudi na matokeo.

Kompyuta namba 9 imepona. Nakala ya `.0` ilikuwa ya siku moja kabla ya upuuzi wangu, nikairudisha, na `apt-get -s autoremove` sasa inataja vifurushi vinne tu. Rafiki aliyenishauri nimemtumia kiungo cha mazungumzo haya.

Nimeunganisha orodha za kompyuta zote 12 za Ubuntu na kuacha majina yasiyojirudia, na Debian mbili nimezisoma kwa `history.log` kama nilivyoelekezwa. Kwa pamoja yalikuwa majina 104. Kila nilipokwama nilitumia `aptitude why` na jina la kifurushi, ambayo hueleza ni nani anayekihitaji, na ambapo jibu lilikuwa kifurushi kingine kilichomo tayari katika orodha yangu, nilikifuta kile cha chini. Vikusanyaji vile ambavyo Pengwini alivitaja vilikuwa viwili na vilichangia karibu mistari ishirini na tano. Nimebaki na 41.

Nina swali moja la mwisho kabla sijafuta. Kuna namna ya kujua ni vipi kati ya hivyo 41 havimo katika 24.04, bila kugundua njiani nikiwa nimeshaanza?

Pengwini_wa_Milimani · Alhamisi, saa 4:05 usiku

Ipo. Sakinisha 24.04 kwenye kompyuta moja kwanza, fanya `sudo apt update`, kisha:

`xargs -a orodha.txt apt-get -s install`

Haitasakinisha chochote. Itataja kila jina isilolipata, nawe uyaondoe au utafute mbadala wake hadi ikubali orodha nzima. Ikiisha kukubali, ondoa `-s` na utangulize `sudo`. Ukiongeza `-y` pia, apt-get haitasimama kukuuliza ndiyo au hapana.

Kuhusu bando, nisemee hapa kwa ufupi: tumia `apt-get`, si `apt`, kwenye kompyuta hiyo ya kwanza, kwa sababu `apt` hufuta faili za `.deb` mara tu inapomaliza kusakinisha, ilhali `apt-get` huziacha katika `/var/cache/apt/archives`. Ukizinakili kwenye flashi na kuziweka katika folda hiyohiyo kwenye zile nyingine kumi na moja, hutazipakua tena. Kama una subira ya kuweka seva ndogo, `apt-cacher-ng` katika kompyuta moja ya chumba hicho hufanya kazi hiyo kwa niaba yako, ikisikiliza kwenye mlango wa mtandao (port) namba 3142.

Na orodha yako ya mwisho iweke mahali pa wazi. Kuanzia sasa, mwalimu akija na “niwekee hiki”, liandike jina katika faili kwanza, ndipo usakinishe.

Mwalimu_Ahero · Jumamosi, saa 11:20 jioni

Kompyuta ya kwanza ya 24.04 inafanya kazi. Kati ya 41, majina matatu hayakupatikana: mawili yalikuwa faili za `.deb` kama alivyotabiri Mto Nzoia, na ndiyo, moja ni la printa. La tatu lilikuwa `python2`, ambalo hakuna aliyekumbuka lilihitajiwa na nini, tukaliacha. Zimebaki 38.

Kuna jambo lililonifanya nicheke peke yangu. Katika orodha kulikuwa na kifurushi kinachoitwa `sl`, na hakuna mwalimu aliyekiri kukiomba. Nilikifuatilia katika `history.log` na nikakuta kiliwekwa muhula wa kwanza, na mstari wa `Requested-By:` ulitaja akaunti ambayo wanafunzi wote huitumia. (Kwamba akaunti hiyo ilikuwa na ruhusa ya `sudo` kwa miaka minne ni kesi nyingine, na nimekwisha kuifunga.) Nikakiendesha. Ni treni. Ukikosea kuandika `ls` ukaandika `sl`, gari moshi lililochorwa kwa herufi hupita skrini nzima kutoka kulia hadi kushoto likitoa moshi, na huwezi kufanya lolote hadi limalize kupita.

Mwalimu wa historia, ambaye wiki hiyohiyo alikuwa akifundisha jinsi reli ilivyofika Kisumu mwaka 1901 wakati mji ukiitwa Port Florence, aliliona likipita akasema lisiguswe. Kwa hiyo limebaki kwenye orodha, na mbele yake nimeandika nani ameliomba.

FundiKondele · Jumamosi, saa 11:48 jioni

Mwalimu, hilo jina la aliyeomba usiliweke kwenye mstari mmoja na kifurushi, `xargs` italisoma kama kifurushi kingine. Liweke katika faili ya pembeni.